Livingstone wa Mikindani: badili mazoea ya akili, usiguse saa ya dawa

Ndugu msomaji, ukitoka Mtwara mjini kuelekea Lindi, mwendo wa kilomita kumi hivi, unaingia Mikindani, mji wa kale ulioizunguka ghuba yake tulivu. Watoto wa huko hufundishwa shuleni kwamba Daktari David Livingstone alishuka hapo mwaka 1866, akianza safari ambayo hakurudi. Vitabu vya historia humtaja kama mmisionari na msafiri. Leo katika safu hii tumtazame kwa upande mwingine: kama daktari, kama mgonjwa, na kama baba.

Sababu ni hii. Wapo wazazi wanaolalamika kwamba mtoto anashinda na daftari lile lile jioni nzima, na kesho yake hakumbuki kitu. Wapo pia wagonjwa waliokaa nyumbani wiki nyingi, kitanda kile kile, ukuta ule ule, mpaka wanaona akili imekuwa nzito na moyo umepoa. Wote hawa wana jambo la kujifunza kwa Livingstone, kwa yale aliyofanya vizuri na kwa yale aliyokosea.

Kitabu juu ya mashine

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, katika mji mdogo wa Blantyre, Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini, na familia nzima iliishi katika chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Alipofika umri wa miaka 10 alipelekwa kiwandani. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika kwenye mashine za kusokota. Aliingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 2 usiku. Baada ya hapo alikwenda darasa la usiku hadi saa 4, kisha akarudi nyumbani kusoma mpaka mama yake alipomnyang'anya vitabu ili alale.

Fikiria kazi hiyo, msomaji. Uzi umekatika, unga. Mwingine umekatika, unga. Siku nzima, mwaka mzima. Hakuna kazi inayochosha akili kama ile isiyoidai akili kitu. Sehemu ya mshahara wake wa kwanza Livingstone alinunulia kitabu cha sarufi ya Kilatini. Baadaye akabuni njia yake: alikiweka kitabu juu ya mashine, na kila alipopita mbele yake alidaka sentensi moja, akaenda nayo akiitafakari huku mikono ikiunga nyuzi, hata alipopita tena na kudaka nyingine.

Madaktari na walimu wa leo wangeielewa njia hiyo. Ubongo hukizoea haraka kitu kinachojirudia bila mabadiliko, ukaacha kukitilia maanani, kama vile mtu anayekaa karibu na bahari anavyoacha kuyasikia mawimbi. Lakini ukipewa kipande kidogo, ukaachwa ukitafute tena wenyewe kichwani, kisha ukapewa kingine baada ya muda, hushika zaidi. Mtoto anayesoma ukurasa mmoja mara kumi mfululizo anaufahamu kwa macho tu. Yule anayesoma mara moja, akafunga daftari, akaeleza kwa maneno yake, ndiye anayeujenga kichwani.

Siku za mapumziko Livingstone na ndugu zake walizunguka vilimani wakikusanya mimea ya dawa na kutafuta mabaki ya kombe za kale ndani ya mawe ya chokaa. Hapo mwili ulitembea, macho yakapata kitu kipya, na maneno ya kitabuni yakakutana na vitu vyenyewe.

Kila mahali darasa

Mwaka 1836 alianza kusomea udaktari huko Glasgow, akilipia masomo kwa mshahara wake wa kiwandani. Alipata cheti cha udaktari Novemba 1840. Mtihani wake ulikuwa mrefu na mgumu kwa sababu alibishana na watahini juu ya kifaa kipya cha wakati huo, kile cha kusikilizia kifua cha mgonjwa, ambacho enzi hizo kilikuwa bomba la mti. Alifaulu hivyo hivyo.

Mwezi uliofuata alipanda meli kwenda Afrika Kusini. Safari ya miezi baharini ni ya kuchosha: maji mbele, maji nyuma. Livingstone alimwomba nahodha amfundishe kupima mahali meli ilipo kwa kutumia mwezi na nyota, wakawa wanakaa sitahani usiku wa manane wakipima. Ujuzi huo ndio uliomwezesha baadaye kuchora ramani za nchi alizopita.

Alipofika bara, hakutaka kujifunza lugha kwa kukaa na kitabu peke yake. Alijitenga na Wazungu wenzake kwa miezi sita hivi, akaishi miongoni mwa Wakwena, akisikia Kisetswana asubuhi hadi usiku, sokoni, shambani na kwenye mashauri. Mtu aliyezaliwa pwani anajua siri hii. Kimakonde, Kimwera au Kimakua hukipati darasani tu, unakipata mezani, kisimani na ngomani.

Ghuba ya Mikindani na mikoko ya Ruvuma

Mto Ruvuma aliujua kabla ya 1866. Alikuwa ameuingia kwa meli mwaka 1861, na mwaka 1862 akaupanda kwa mashua mpaka miamba ilipomzuia. Machi 1866 alirudi akitoka Unguja kwa meli ya kivita ya Kiingereza. Wageni wa mlango wa Ruvuma wanaijua hali yake: mikoko, tope na vijito vinavyojaa na kupwa. Alikuwa amebeba ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu na punda, na wanyama hao wasingeweza kupita pale. Meli ikageuka kaskazini, akawashusha Mikindani tarehe 24.

Kwa nini ngamia na nyati? Alitaka kujua kama watastahimili mbung'o, ambao walikuwa wakiua ng'ombe na farasi wa misafara. Jaribio halikufaulu, wanyama wale wakafa njiani. Lakini ona tabia yake: alikuwa na umri wa miaka 53, amechoka kwa homa za miaka mingi, na bado kila safari aliigeuza swali jipya. Alipokuwa akipanda kando ya Ruvuma, vijana wa Kimakonde aliowaajiri wakifyeka vichaka kwa mashoka mbele ya msafara, yeye aliandika habari za sandarusi iliyochimbwa ardhini, za miti, za mawe, na za desturi za watu aliowakuta. Miongoni mwa wenzake walikuwamo Chuma, kijana Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 na kusomeshwa Bombay, na Susi, aliyetoka Shupanga kwenye mto Zambezi. Agosti 8 mwaka huo walifika Ziwa Nyasa.

Siku sanduku la dawa lilipopotea

Sasa tufike mahali panapotuhusu sana sisi wagonjwa. Livingstone alikuwa miongoni mwa waliotumia kwinini kwa bidii dhidi ya malaria, dawa iliyotokana na magome ya mti wa Amerika Kusini. Alitengeneza vidonge vyake mwenyewe, kwinini ikichanganywa na dawa za kuharisha, na vilimsaidia yeye na wenzake kwa miaka. Kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria hakujua. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897, yeye akiwa ameshakufa.

Januari 20, 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mpagazi aliyebeba sanduku la dawa alitoroka nalo. Livingstone mwenyewe alielewa kwamba hiyo inaweza kuwa hukumu ya kifo. Tangu hapo homa zilimpata bila kinga. Alidhoofika, meno yakamtoka, na tumbo la kuhara damu likawa linaondoka na kurudi. Udadisi wake haukupungua, lakini udadisi hautibu malaria.

Hapa ndipo penye mpaka ambao kila mgonjwa anapaswa kuujua. Mazoea ya akili ni ya kubadilishwa, ila saa ya dawa haiguswi. Kama unatumia dawa za kifua kikuu, tiba ya kawaida ni miezi sita na haina siku ya kupumzika hata ukijisikia mzima. Kama unatumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, za shinikizo la damu, za kisukari au za kifafa, saa ya kumeza ibaki ile ile, imefungwa na jambo usilolisahau, kama kupiga mswaki au chai ya asubuhi. Ukisafiri, dawa zisikae zote kwenye mzigo mmoja, na nyingine uziweke kwenye mkoba unaoshika mwenyewe. Livingstone angekuwa na akiba hiyo, pengine tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Siku themanini ndani ya kibanda

Mwaka 1870 alikuwa Manyema, mashariki ya Kongo ya leo. Vidonda vya miguu vilimzidi asiweze kukanyaga. Alikaa ndani ya kibanda siku 80, tangu Julai 22 hadi Oktoba 10. Hakuna dawa wala barua, na hakuna wa kuzungumza naye kwa lugha ya kwao.

Wengi wetu tungelala tukihesabu fito za dari. Yeye alisoma Biblia, kitabu pekee kilichomtosha, akairudia yote mara nne katika kipindi chake cha Manyema. Aliuliza wenyeji juu ya mito na maziwa, akilinganisha jibu la huyu na la yule. Aliandika juu ya masokwe wa misitu ile. Karatasi zilipokwisha aliandika juu ya magazeti ya zamani, akikata mistari iliyochapwa, kwa wino aliouchuma kwenye mimea. Hata tiba aliijaribu ya wenyeji, unga wa jiwe la kijani uliopakwa kwenye vidonda kwa unyoya, nao ulimpa nafuu. (Wewe usiige hilo. Kidonda kisichopona wiki mbili, hasa kwa mwenye kisukari, ni cha kupelekwa zahanati.)

Kila siku ndani ya kibanda kile alijitafutia kazi ndogo tofauti na ya jana. Mgonjwa anayelala muda mrefu asipopata hilo, siku zinaungana kuwa moja, usingizi unahama kutoka usiku kwenda mchana, na huzuni huja taratibu kama maji yanayojaa.

Mgeni wa Ujiji

Alipojikokota kurudi Ujiji alikuta mali zake zimeuzwa. Mwili ulikuwa umekwisha, na moyo pia. Novemba 1871 akafika Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, na chakula, dawa, barua na habari za dunia za miaka mingi. Livingstone alianza kula milo minne kwa siku. Muda si mrefu wazee hawa wawili, mmoja wa umri na mwingine wa shauri, walikuwa ndani ya mtumbwi wakizunguka kaskazini mwa Ziwa Tanganyika ili waone kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliukuta unaingia. Swali lililokuwa likibishaniwa Ulaya likajibiwa na mgonjwa ambaye majuma machache kabla hakuwa na nguvu.

Chakula na dawa vilifanya kazi yao. Lakini mazungumzo nayo yalikuwa sehemu ya tiba. Upweke ni mzigo kwa afya, na kwa wazee unatajwa na wataalamu pamoja na shinikizo la damu, kisukari, sigara, kutosikia vizuri na kukaa bila kutembea kama mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu. Kwa hiyo unapokwenda kumwona mgonjwa, usimwulize maumivu peke yake. Mpelekee habari, mwombe ushauri, mtegee kitendawili, mwachie swali la kufikiria mpaka utakaporudi.

Pale alipokwama

Usidhani, msomaji, kwamba mtu huyu alijua kubadilika katika kila kitu. Alikuwa na wazo moja lililomshika: kwamba mto Lualaba ndio chanzo cha Nile. Dalili zilipingana naye, na mwenyewe alikuwa na wasiwasi, lakini hakuweza kuliacha. Stanley alimsihi arudi kwao apone, akakataa. Lualaba si Nile. Ni Kongo, kama Stanley alivyothibitisha alipoufuata hadi baharini mwaka 1877. Wazo la zamani ni mazoea pia, na ndilo gumu kuliko yote kulivunja, maana halionekani kama mazoea, linaonekana kama msimamo.

Jambo la pili ni la wazazi. Mke wake, Mary, alikufa kwa homa huko Shupanga Aprili 1862. Mtoto wao Robert alikufa mwaka 1864 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, baba na mwana wakiwa mbali kwa kila namna. Livingstone alikuja kukiri kwamba alipokuwa akiwafundisha watu wengine kwa nguvu zake zote hakuwa ametenga muda wa kucheza na watoto wake, na kwamba hilo lilimuuma. Mtu aliyejifunza kwa kila mtu njiani alikosa darasa la nyumbani kwake.

Alikufa alfajiri ya Mei 1, 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, amepiga magoti kando ya kitanda, akiwa amemalizwa na kuhara na kutokwa damu. Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili kwa jua, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. London ulitambuliwa kwa mkono wa kushoto, uliokuwa umevunjwa na simba mwaka 1844.

Ya kufanya wiki hii

Kwa mtoto anayesoma: mgawie somo vipande vya nusu saa, kisha abadili, hesabu kwa Kiswahili, Kiswahili kwa sayansi. Kila kipande kikiisha afunge daftari akueleze alichosoma, hata kama wewe hukusoma sana. Arudie kesho kidogo, na tena baada ya siku tatu. Mtoe nje. Sisi wa pwani tuna bahari: mwambie aandike saa ya maji kujaa kwa wiki mbili. Ataona mwenyewe kwamba kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi, na kwamba bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Hapo amefanya hesabu, sayansi na jiografia bila kusinzia. Msimu wa korosho apime kilo na apige hesabu ya bei. Na ucheze naye.

Kama mtoto amebadilishiwa njia na bado hashiki, usikimbilie fimbo. Apimwe macho na masikio, apimwe damu na minyoo, uangalie kama analala vya kutosha na kama anakula kabla ya kwenda shule.

Kwa mgonjwa wa nyumbani: geuza kitanda kielekee mlango au dirisha, kama daktari hajakataza. Mpe kazi moja ndogo anayoiweza, kuchambua mchele, kusikiliza habari na kuwasimulia wengine, kumfundisha mjukuu bao. Kesho iwe nyingine. Mchana awe macho, usiku alale.

Kwa mzee: ajifunze kitu kigeni kwake, kwa sababu kile alichokizoea hakimgharimu akili tena. Atembee kila siku, na mara nyingine apite njia ya mtaa wa pili. Hakuna mchezo wala kidonge kinachoahidi kuzuia kusahau, lakini akili inayotumika, mwili unaotembea na shinikizo la damu lililodhibitiwa vinasaidiana.

Wapo wasiofaa kuvurugiwa ratiba. Mzee aliyekwisha kupoteza kumbukumbu, na baadhi ya watoto wenye usonji, hupata utulivu katika saa zile zile, sura zile zile na vitu kuwa mahali pake. Kwao jambo jipya liwe dogo, tena moja kwa wakati mmoja.

Na kuna dalili zisizosubiri: mtu aliyechanganyikiwa ghafla, mdomo uliopinda, mkono uliolegea au ulimi mzito ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Homa ya mtoto ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Na mtu aliyepoteza hamu ya kila kitu kwa wiki mbili au zaidi si mvivu. Anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya.

Leo jioni, basi, hesabu dawa zako kama zinatosha mpaka kliniki ijayo. Ukishahakikisha hilo, mwite mtoto, mwulize leo amejifunza nini, kisha umwombe akufundishe na wewe.